Maji Yanayotafuna Chuma

Msafiri atokaye Mbarara, afikapo njia panda ya Kikorongo, hukata shauri: kushika njia ya kushoto iendayo Bwera na mpakani Mpondwe, ama kunyoosha mpaka Kasese. Njia zote mbili zaelekea kwenye mito ishukayo kutoka milima ya Rwenzori. Mto Mubuku huendesha mitambo ya umeme, na mmojawapo, ule wa Bugoye wenye nguvu ya megawati 13, ulianza kazi mwaka 2009.

Wengi hudhani kwamba adui wa chuma majini ni kutu peke yake. Ndiyo sababu magurudumu ya mitambo hutengenezwa kwa chuma cha pua kisichoshika kutu. Lakini yuko adui mwingine, naye ni kiputo.

Mama wa nyumbani amjua bila kumtambua. Sufuria ya maji ikikaribia kuchemka huanza kuimba. Sauti ile ni ya viputo vya mvuke vipandavyo kutoka chini, vikakutana na maji yasiyopata moto sawasawa, vikabomoka. Ndani ya mtambo hakuna moto, ila maji yapitapo kwa kasi kwenye ubapa wa gurudumu, shinikizo lake hushuka mno hata yakachemka yakiwa baridi. Yakifika penye shinikizo kubwa, viputo hubomoka ghafla, na kila kimoja hurusha mchirizi mwembamba wa maji upigao chuma kama nyundo ndogo. Mapigo hayo, mamilioni kwa mamilioni, huacha chuma kikiwa na vishimo kama sifongo.

Jambo hili liliwasumbua Waingereza katika miaka ya 1890, manowari yao Daring iliposhindwa kufikia mwendo uliotakiwa kwa sababu ya viputo kwenye rafadha zake. Mwaka 1917 Lord Rayleigh akaonyesha kwa hesabu jinsi kiputo kibomokacho kinavyozaa shinikizo kubwa ajabu.

Dawa mojawapo ni kukivika chuma gamba la mchanganyiko. Unga wa kabaidi ya tangsteni, ulio mgumu mno, huchanganywa na kobalti na kromi, hupashwa moto, kisha hurushwa juu ya chuma kwa kasi ipitayo ile ya sauti. Gamba hilo kwa kawaida halifiki unene wa nusu milimita. Kobalti si ngeni Kasese: mwaka 1999 kiwanda cha hapo kilianza kuitoa katika mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe.

Hata hivyo, ugumu pekee hautoshi. Gamba gumu hushinda mchanga wa mtoni, bali likipigwa na viputo huweza kupasuka. Gamba laini la jamii ya mpira hunyonya mapigo, bali huweza kubanduka. Kwa hiyo mafundi huchanganya vyote viwili: chembe ngumu ndani ya kishikizo chenye ustahimilivu.

Familia yenye pampu ya maji, au kambi yenye kisima, yafaa ikumbuke kwamba gamba halitibu chanzo cha ugonjwa. Pampu ikitoa sauti kama imemeza kokoto, izimwe. Chujio lisafishwe, na koki ya upande wa kuvuta maji ifunguliwe kabisa. Kisha pampu isiwekwe juu mno ya maji. Pwani, uzito wa hewa huweza kuinua maji kiasi cha mita 10 kwa hesabu. Kasese, iliyo karibu mita 1,000 juu ya bahari, kipimo hicho ni kama mita 9, na pampu yenyewe huanza kuteseka mapema zaidi.

Anayeipuuza sauti hiyo leo, kesho atanunua pampu mpya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.