Bakuli la mboga mbichi likae katikati ya meza

Katika sahani nyingi za Afrika Mashariki mboga mbichi hupewa pembe. Kachumbari hubanwa kando ya pilau, vipande vya tango hutupiwa juu ya chipsi, na kwa mama lishe wali na maharage husindikizwa na kijiko kimoja cha kabichi iliyokatwa nyembamba. Hotelini jani la letasi hulazwa chini ya samaki wa kukaanga ili sahani ipendeze macho, kisha hurudi jikoni vilevile lilivyotoka.

Pembe hiyo haitoshi. Mboga hizohizo, zikikatwa kwa uangalifu, zikajazwa kwenye bakuli kubwa na kuchanganywa na sosi nzito ya mtindi, parachichi na majani ya kunukia, ni mlo kamili wa mchana au wa usiku. Nyumba inayoweza kupika pilau inaweza kuliandaa bakuli hilo, na inafaa iliandae mara kwa mara.

Upande wa afya hauna ubishi mkubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu visababishi vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Tanzania mwaka 2012, na ule wa Kenya mwaka 2015, ulikuta kwamba katika kila watu wazima kumi, zaidi ya tisa hawafikii kiwango kinachoshauriwa. Hayo yanatokea katika nchi zinazolima mboga kwa wingi. Kabichi na karoti hushuka kutoka Lushoto na Mgeta kwenda Dar es Salaam, Kinangop inailisha Nairobi, na msafiri anayepita Ilula, mkoani Iringa, hukutana na ndoo za nyanya zilizopangwa kando ya barabara kuu. Msimu wa neema ukifika, nyanya huozea sokoni kwa kukosa mnunuzi. Shamba limefanya kazi yake. Meza ndiyo iliyobaki nyuma.

Wapo wanaosema bakuli la mboga mbichi ni chakula cha watalii, au cha mtu aliyeamriwa na daktari apunguze uzito. Dai hilo halisimami mbele ya jiko la pwani. Zanzibar na Mombasa wamesaga chatini ya kotmiri, mnanaa, pilipili na ndimu tangu enzi za mabibi, na wapo wanaoongeza nazi iliyokunwa ili iwe nzito. Kwenye biriani, familia nyingi zenye asili ya Kihindi huweka mtindi wenye tango ndani yake. Chatini hiyo ikikutana na mtindi huo katika bakuli moja, sosi ya majani imekamilika. Hakuna kilichoagizwa ng'ambo.

Hata sosi inayopendwa kuliko zote Marekani ilianzia katika maziwa chachu. Steve Henson, mzaliwa wa Nebraska, alikuwa fundi bomba huko Alaska alipoanza kuwatengenezea wafanyakazi wenzake mchanganyiko wa maziwa hayo, mayonezi, kitunguu saumu na majani makavu. Katika miaka ya 1950 yeye na mkewe Gayle walinunua ranchi karibu na Santa Barbara, California, wakaiita Hidden Valley. Wageni walipoipenda sosi, wakaanza kuuza pakiti za viungo kwa njia ya posta, na mnunuzi akawa anachanganya mwenyewe nyumbani. Mwaka 1972 kampuni ya Clorox, inayofahamika kwa dawa ya kung'arisha nguo, ilinunua biashara hiyo kwa dola milioni 8. Miaka iliyofuata sosi ikatiwa chupani, ikaweza kukaa rafuni bila friji.

Chupa za namna hiyo sasa zimejaa kwenye maduka makubwa ya Nairobi na Dar es Salaam, na wanunuzi wenye uwezo huziona kuwa ndiyo sosi halisi. Hilo linasikitisha. Mtu anapita mbele ya friji ya mtindi na meza ya kotmiri, kisha analipa bei kubwa kwa kitu ambacho mwanzo wake ulikuwa maziwa chachu na majani, ila sasa kina sukari, mafuta ya kiwandani na vihifadhi.

Sosi yenyewe si pambo. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa waliwalisha watu mboga mbichi zikiwa na sosi isiyo na mafuta, yenye mafuta kidogo, na yenye mafuta ya kawaida. Waliokula bila mafuta karibu hawakufyonza chochote cha zile karotenoidi zinazozipa karoti na nyanya rangi. Mwaka uliofuata, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walionyesha kwamba parachichi likichanganywa na nyanya iliyokatwakatwa, mwili hufyonza laikopini, karotenoidi ya nyanya, kwa zaidi ya mara 4. Sababu inaeleweka: karotenoidi huyeyuka katika mafuta, na beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ni mojawapo. Kwa hiyo karoti iliyokunwa na kukamuliwa ndimu tu inamnyima mlaji sehemu ya faida aliyoilipia. Mtindi wa maziwa yasiyoondolewa mafuta na nusu ya parachichi hulimaliza tatizo hilo.

Kazi huanza na mtindi. Ule wa pakiti mara nyingi ni mwepesi, na ukimiminwa moja kwa moja juu ya tango, bakuli hujaa maji kabla watu hawajanawa mikono. Nusu lita ya mtindi imwagwe kwenye kitambaa safi cha pamba, ifungwe, ining'inizwe juu ya bakuli kwa saa mbili au tatu mahali penye ubaridi. Kinachobaki ni kizito na laini, na Waswahili wa Muscat wanaokula labne asubuhi wanakifahamu vizuri. Maji yaliyochuruzika yakandiwe unga wa chapati. Anayegandisha maziwa mwenyewe ayachemshe kwanza, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu.

Kisha majani. Fungu moja la kotmiri, ambayo Wakenya huiita dania, pamoja na mabua yake laini, maana utamu mwingi umo humo. Kiganja cha mnanaa. Kitunguu majani kidogo, punje moja ya kitunguu saumu, pilipili mbichi kwa kadiri ya wanaokula, na bizari nyembamba iliyokaangwa kavu mpaka inukie. Mwenye kinu aanze kutwanga chumvi, saumu na pilipili, ndipo aingize majani. Mwenye brenda asage majani na parachichi pamoja na maji ya ndimu, kisha mtindi aukoroge mwishoni kwa kijiko, kwani mashine ikiuzungusha muda mrefu hulegea ukawa majimaji. Ndimu ina kazi mbili hapa: inatia ukali, na inachelewesha parachichi kuwa jeusi. Asiyetumia maziwa achukue tui zito la kwanza badala ya mtindi na aongeze ndimu. Sosi itakuwa na utamu wa pwani ambao maziwa hayawezi kuuleta.

Mboga nazo zina adabu zake. Kitunguu maji kikatwe nyembamba, kifikichwe kwa chumvi na kusuuzwa, kama kachumbari inavyotaka, ili ukali upungue. Tango litolewe mbegu, linyunyiziwe chumvi na kuachwa robo saa, kisha likamuliwe. Kabichi ikatwe kama uzi na kubonyezwa kwa vidole mpaka ilegee kidogo. Karoti ikunwe, hoho na fijili zikatwe vipande vyembamba. Nyanya iwe ngumu: aina za Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa kwa wakulima wa Tanzania mwaka 1997 kutoka Tengeru, Arusha, zilipendwa sokoni kwa sababu hazipondeki njiani, na sifa hiyohiyo huzifaa ndani ya bakuli. Kila kitu kikauke kabla ya kukutana na sosi. Maji yanayobaki kwenye majani ndiyo huharibu mabakuli mengi kuliko kosa lolote la viungo.

Mtu aliyezoea ugali atauliza atashiba nini, na ana haki ya kuuliza. Bakuli lisilo na kitu kizito ndilo lililozipa mboga mbichi jina baya. Iwekwe choroko au kunde zilizochemshwa zikabaki nzimanzima, viazi vitamu vilivyokatwa vipande, yai la kuchemsha, na juu yake dagaa waliokaangwa wakakauka. Dagaa wana chumvi na hulia mdomoni wakitafunwa, na ule ulaini wa parachichi unawahitaji. Karanga zilizopondwa zinyunyizwe mwisho. Sosi itiwe mezani, wala si saa mbili kabla, na kama nyumba haina friji yote iliwe siku hiyohiyo.

Bakuli hili halikuja kuufukuza mchicha sufuriani. Kisamvu hakiliwi kibichi hata kidogo, kwa kuwa kina sumu inayopungua kwa kutwangwa na kuchemshwa sana, na nyanya iliyopikwa hutoa laikopini kwa urahisi zaidi kuliko mbichi. Lakini vitamini C hupungua kwa moto, na mboga inayochemshwa mpaka igeuke rangi ya kaki imepoteza mengi. Nyumba moja inahitaji vyote viwili.

Hofu iliyo nzito kuliko zote ni ya uchafu, na haipaswi kubezwa. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea hadi mikoa mingi ya Tanzania, na ugonjwa huo unapozuka, mara nyingi mamlaka huanza kwa kupiga marufuku matunda yaliyokatwa na vyakula baridi vya barabarani. Mama anayewakataza wanawe kula kachumbari ya mtaani anawalinda. Nyumbani yapo ya kufanya: kuosha mboga kabla ya kuikata, jani moja moja, kwa maji safi yanayotiririka, kusuuza kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, kutumia kibao kingine kwa nyama. Ile mboga iliyokatwa tayari sokoni, inayookoa muda wa mfanyakazi anayerudi usiku, ni bora iende sufuriani, kwa sababu mnunuzi hajui ilioshwa wapi.

Ila kuna uchafu usioondoka kwa kuosha. Utafiti uliofanywa kwa mboga za bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, umekuta madini mazito kama risasi ndani ya majani, yaliyopanda kutoka kwenye maji na udongo uliochafuliwa. Viunga vya Nairobi navyo vina bustani zinazomwagiliwa maji taka. Wakulima hao wanalima pale penye maji, na maji yenyewe wanayakuta yameshachafuliwa na viwanda, karakana na mabomba ya majitaka yaliyopasuka. Kumwambia mlaji aoshe vizuri, kisha kuuacha mto ulivyo, ni kumtwika mzigo usio wake.

Halmashauri zinazokusanya ushuru kwa kila tenga na kila gunia zina wajibu hapa. Soko la mboga lisilo na bomba karibu na meza za wauzaji bado halijakamilika, hata likiwa na paa jipya. Maji ya kumwagilia katika mabonde ya mijini yapimwe kila msimu, wanaoyachafua watozwe gharama ya kuyasafisha, na wakulima wasaidiwe kupata visima badala ya kufyekewa matuta yao. Matokeo ya vipimo yabandikwe kwenye ubao wa soko, kando ya viwango vya ushuru, kwa Kiswahili ambacho mnunuzi wa fungu la kotmiri atakisoma akaelewa.