Utafiti Ufike Makondeni

Baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ya Unguja na Pemba ilifanywa mali ya umma, na maelfu ya wakulima wasiokuwa na hata pahala pa kupanda mgomba wakagawiwa eka tatu tatu. Shabaha ilikuwa ardhi ilimwe na imlishe aliyeilima. Kwa hiyo ni haki yetu kuuliza kwa nini leo baadhi ya eka hizo zimeota magugu na nyengine zinakatwa viwanja, hali ya kuwa visiwa vyetu vingali vinaagiza chakula kutoka nje.

Wako walio wepesi wa kumwita mkulima mvivu. Hatukubaliani nao. Aliyeutunza muhogo wake miezi kadhaa, kisha akang'oa mizizi iliyooza kwa maradhi ya michirizi ya kahawia, hakuliacha konde kwa uvivu. Alilikimbia kwa hasara.

Maradhi hayo, yaliyoelezwa na mtaalamu wa Amani, Tanga, mwaka 1936, hayajui mpaka wala bahari. Nzi weupe huyaeneza, na mkono wa binadamu huyasafirisha ndani ya vipando. Adui wa namna hiyo hapigwi na kisiwa kimoja. Ndiyo maana watafiti wetu wa Kizimbani walishirikiana na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto yenye makao yake Ibadan, Nigeria, na mwaka 2007 zikatolewa aina nne za muhogo zinazostahimili maradhi: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Baadaye, katika mpango wa pamoja wa utafiti, Uganda ilikabidhiwa muhogo, Tanzania mpunga, Kenya ng'ombe wa maziwa na Ethiopia ngano, ili kila nchi inufaike na ujuzi wa mwenziwe.

Hayo ni mafanikio, lakini hayatoshi. Gunzi moja la mahindi hutoa mamia ya mbegu. Mti mmoja wa muhogo hutoa vipando vichache tu, navyo havikai ghalani, hukauka. Mbegu bora ya muhogo basi haienei kwa hotuba wala kwa semina. Huenea kwa kupandwa, kukaguliwa, kukatwa na kupandwa tena, msimu baada ya msimu, karibu na mkulima atakayeitumia.

Kwa sababu hiyo tunasema: sehemu ya ardhi ya Serikali iliyolala katika kila wilaya itengwe iwe mashamba ya vipando safi. Mabwana na mabibi shamba wapewe vyombo vya usafiri wawafikie wakulima. Masheha wazuie ardhi ya kilimo isigeuzwe viwanja kinyume cha sheria. Na viongozi wanaotia saini mikataba ya utafiti na nchi jirani wapimwe kwa idadi ya shehia zilizopata mbegu, si kwa idadi ya mikutano waliyohudhuria.

Wakulima nao wana wajibu wao. Shina lenye maradhi ling'olewe, na kipando chake asipewe jirani kwa jina la ukarimu.

Ardhi tuliyopewa kwa Mapinduzi ni amana. Tusiirithishe kwa watoto wetu ikiwa kichaka.