Popobawa, Jinamizi na Wachuuzi wa Hofu



Juma hili alitujia ofisini binti mmoja wa parokia yetu, mwenye kufanya kazi ya zamu za usiku. Hakuja kuungama, na ametupa ruhusa ya kuyaandika haya bila kumtaja jina. Alikuja kuuliza kama bado anaruhusiwa kupokea Ekaristi Takatifu. Kwa miezi mitatu amekuwa akibaki kwenye benchi wenzake wanapokwenda altareni. Sababu ni kwamba huamka alfajiri akiwa na fahamu zake zote, macho wazi, asiweze kuinua hata kidole. Huhisi uzito kifuani, na huona kivuli kimesimama mlangoni. Alipowaeleza wanamaombi fulani, walimwambia bila kusita kwamba ana mume wa kijini, na kwamba mwili wake umenajisika. Akatakiwa atoe sadaka ya kufunguliwa, mara tatu. Mara ya tatu aliuza cherehani yake.

Tunaandika haya kwa hasira, wala hatuombi radhi kwa hasira hiyo.

Sisi tunaoishi Pemba hatuhitaji kusimuliwa habari hizi kana kwamba ni ngeni. Mapema mwaka 1995 kisiwa hiki kilikumbwa na hofu ya Popobawa, kiumbe aliyepewa jina la popo na la bawa, ambaye ilisemwa huwavamia watu vitandani na kuwanajisi, wanaume kwa wanawake. Hofu ikavuka bahari hadi Unguja, ikafika Dar es Salaam. Familia nzima nzima zilikesha nje, zimezunguka moto, zikiogopa kulala ndani ya nyumba zao. Mjini Unguja mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu waliodhani kwamba ndiye Popobawa mwenyewe. Wazee walikumbuka kisa kama hicho cha mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi. Na mwaka 1995 ulikuwa mwaka wa uchaguzi, wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi hayo. Mwanaanthropolojia Martin Walsh ameonyesha, katika makala yake ya mwaka 2009, jinsi kila upande ulivyokifasiri kisa hicho kwa macho ya siasa yake.

Wala tusijidanganye kwamba hayo ni ya majirani zetu Waislamu peke yao. Wengi wetu Wakatoliki wa kisiwa hiki tumetoka bara, na majini yetu tulikuja nayo mizigoni.

Basi ni nini kinachomkaba mtu usingizini? Kiswahili kina neno lake tangu zamani: jinamizi. Na elimu imekwisha kutufafanulia sehemu kubwa ya jambo hili. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, katika Chuo Kikuu cha Chicago, walitangaza kwamba kuna kipindi cha usingizi ambapo macho huzunguka upesi chini ya kope. Ndicho kipindi chenye ndoto nyingi na zilizo wazi kuliko zote. Katika kipindi hicho ubongo huilegeza misuli ya mwili, isipokuwa michache kama ya macho na ile inayotuwezesha kuvuta pumzi, ili anayeota kwamba anakimbia asitoke kitandani akakimbia kweli. Ni ulinzi, na sisi tunaoamini tunauona humo uangalizi wa Muumba.

Lakini pengine fahamu hutangulia kuamka, na mwili ukabaki nyuma. Mtu anakiona chumba chake, ila viungo bado vimefungwa, na ndoto haijakwisha. Hujaribu kuvuta pumzi kwa nguvu, misuli ya kifua haimtii, naye huhisi amekaliwa. Ubongo ulioshtuka humtafuta adui, na ndoto humpatia sura. Hali hii hudumu sekunde kadhaa, au dakika chache, kisha huondoka yenyewe. Uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba takriban watu 8 katika kila 100 huipata angalau mara moja maishani, na miongoni mwa wanafunzi ni zaidi ya robo. Huwapata zaidi wenye usingizi uliokatikakatika, wenye mahangaiko, na wanaolala chali. Binti yetu wa zamu za usiku hakuambiwa hata neno moja kati ya haya.

Tutajibiwa: “Padre, lakini nilimwona!” Tunasadiki kwamba ulimwona. Hatusemi kwamba unadanganya, wala kwamba una wazimu. Tunachokikataa ni tafsiri uliyouziwa. Wavuvi wa kisiwa cha Newfoundland, huko Kanada, husimulia juu ya ajuza anayewakalia kifuani. Wajapani wana jina lao, kanashibari. Mchoraji Henry Fuseli alichora mwaka 1781 mwanamke aliyelala na kijitu kibaya kimemkalia. Mwili wa binadamu ni mmoja, ndiyo maana uzito ni ule ule. Masimulizi ndiyo yanayotofautiana, ndiyo maana kwetu ana mabawa.

Tutajibiwa tena: “Nilitaja jina la Yesu, akaondoka.” Umefanya vema kulitaja, na uendelee kulitaja. Lakini hali hii huondoka pia kwa asiyelitaja. Kupata faraja katika sala ni neema; kuigeuza faraja hiyo kuwa ushahidi kwamba kitandani palikuwa na jini ni kosa la hoja, na juu ya kosa hilo watu wamejenga biashara.

“Je, paroko amekana kwamba Shetani yupo?” Hapana. Tunasadiki yanayofundishwa na Kanisa, na kwa sababu hiyo hiyo tunadai kwamba Kanisa lisikilizwe lote. Katekisimu, katika namba 1673, inataka kwamba kabla ya kupunga pepo ihakikishwe kuwa kilichopo ni Mwovu, wala si ugonjwa. Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa hairuhusu mtu yeyote kumpunga pepo aliyepagawa bila idhini ya pekee ya Askofu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, alipoorodhesha asili za ndoto, hakuwasahau malaika wala pepo. Lakini aliyataja pia mawazo ya mchana na hali ya mwili. Yoshua bin Sira, katika sura ya 34, anawaonya wanaoziegemea ndoto, ingawa anakiri kwamba nyingine zaweza kutoka kwa Aliye Juu. Yosefu mume wa Maria alionywa katika ndoto, nasi tunamheshimu. Ila ndoto zake zilimtuma kumlinda mama na mtoto, hazikumtuma kumnyang'anya mtu cherehani.

Hapa yatupasa kujipiga kifua. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja alituletea malalamiko kama haya. Tulimnyunyizia maji ya baraka, tukamwekea mikono, tukamwacha aende. Hatukumwuliza analala saa ngapi, wala ana huzuni gani. Baadaye tulisikia kwamba alikuwa amefiwa, na kwamba usiku alikesha akilia. Nasi tulilijua jinamizi: tulipokuwa seminarini, katika majuma ya mitihani, lilitukaba zaidi ya mara moja, tukaona haya kumwambia mlezi. Tulikuwa na jibu mikononi, tukampa mzee yule maji peke yake. Maji ya baraka ni kisakramenti chema, lakini hayakuwekwa ili yatuondolee kazi ya kumsikiliza mtu.

Kuna jambo zito kuliko yote haya. Ikiwa mtu, na hasa mtoto, anasema ameingiliwa usiku, isidhaniwe upesi kwamba ni jinamizi, wala isisemwe kwamba ni Popobawa. Mhalifu mwenye nyama na damu hupenda sana nyumba ambayo kila uovu wa usiku hupewa jina la jini. Mtoto apelekwe hospitali, na polisi waarifiwe. Kunyamaza ni kumfungulia mlango.

Kwa anayekabwa na jinamizi tunasema: lala kwa saa zinazoeleweka kadiri kazi inavyokuruhusu, lala ubavu, likikujia, usipambane na mwili mzima, bali jaribu kutikisa kidole kimoja, vuta pumzi taratibu, ukijua kwamba litapita. Likirudi mara kwa mara, au ukiwa na degedege, au ukilemewa na usingizi wa ghafla mchana, mwone daktari. Wala usijihesabie dhambi. Dhambi ya mauti yataka ujuzi na ridhaa, na aliyelala hana ridhaa. Sali Sala ya Usiku pamoja na nyumba yako, si kama hirizi, bali kama mtoto anayemwachia baba yake mlango aufunge.

Mwaka ule wa 1995 ilisemwa kwamba aliyevamiwa asipowatangazia wengine, Popobawa atamrudia. Yatazameni masharti hayo: kila mwenye hofu aligeuzwa kuwa mpanzi wa hofu. Nasi tugeuze. Tangazeni katika jumuiya zenu ndogo ndogo kwamba jinamizi lina sababu yake, na kwamba hakuna anayepaswa kulipa hata shilingi moja ili aruhusiwe kulala.

Binti yule tulimjibu kwamba hakuwahi kuzuiwa. Dominika iliyopita alisogea altareni pamoja na wenzake. Cherehani bado hajarudishiwa, na waliyoichukua fedha yake wanasoma ukurasa huu. Tunawasubiri ofisini.

Amani ya Kristo iwe nanyi, usiku na mchana.