Pesa ya Viza Si Deni la Kijana

Kwa Waziri wa Kazi na Ulinzi wa Jamii,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Tangu kampuni ya Base Titanium ifunge machimbo yake hapa Kwale mwishoni mwa 2024, na hoteli za Diani ndizo hizo za msimu, vijana wanaoulizia njia ya Dubai hawaishi. Siwazuii. Ugomvi wangu ni na maneno wanayotiwa masikioni na baadhi ya mawakala kabla ya kupanda ndege: ukiacha kazi ungali kwenye majaribio, utarudisha pesa ya viza. Kwa hofu hiyo mtu humvumilia tajiri mbaya, au hutoroka usiku.

Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, Dubai ikiwemo, namba 33 ya 2021, haisemi hivyo. Kifungu cha 6 kinamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe waziwazi au kwa mlango wa nyuma. Kifungu cha 9 kinasema majaribio yasizidi miezi 6. Anayetaka kurudi kwao hutoa notisi ya siku 14. Anayehamia kwa tajiri mwingine humo humo nchini hutoa notisi ya mwezi mmoja, na fidia ya gharama za tajiri wa kwanza hulipwa na yule mpya, wala si kijana. Kinachoponza ni kutoroka: asiyetoa notisi hudaiwa mshahara wa siku hizo za notisi, na aliyeondoka bila kufuata utaratibu hunyimwa kibali cha kazi mwaka mzima. Yaani uongo wa viza ndio unaomtia mtu kwenye kosa alilokuwa hana. (Wafanyakazi wa nyumbani wana sheria yao, namba 9 ya 2022, na Saudia ina kanuni zake; mawakala hupenda kuzichanganya.)

Sasa nageukia kwako. Kifungu cha 84 cha Sheria yetu ya Ajira ya 2007 kinataka mkataba wa kazi ya ng'ambo usiidhinishwe mpaka afisa wa kazi aridhike kwamba mfanyakazi hakudanganywa na ameyaelewa masharti. Ameyaelewa vipi, ikiwa karatasi ni ya Kiarabu na Kiingereza, na wa kumfafanulia ni wakala yule yule anayengoja ada yake?

Naomba afisa akae na msafiri peke yake, wakala akiwa nje, amwulize kwa Kiswahili: ukiacha kazi mwezi wa tatu wa majaribio, viza italipwa na nani? Asiyejua aelezwe papo hapo, na apewe vile vifungu viwili vya sheria ya Falme za Kiarabu kwa Kiswahili aende navyo. Mkataba unaomdai pesa hiyo urudishwe bila muhuri, na wakala anayerudia kuleta mikataba ya namna hiyo afutwe kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Wako,
Mkazi wa Gazi, Kwale