Hifadhi Tusiyoitembelea

Mgeni afikapo Raskazone husimuliwa vita kabla ya jambo jingine lolote. Huambiwa kwamba askari wa Kihindi wa jeshi la Uingereza walitua hapa Novemba 1914, wakatimuliwa na Wajerumani na, kama masimulizi yasivyochoka kukariri, na nyuki pia. Ni nadra kuelekezwa macho ghubani, kilipo Kisiwa cha Toten, ambacho kimebakia na mikoko, magofu ya misikiti na jina la Kijerumani lenye maana ya wafu.

Kisiwa hicho kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009. Kabla ya hapo jarife za wavuvi wa Tanga zilikuwa zikimnasa samaki huyo, ambaye hadi mwaka 1938 wataalamu walidhani alikwisha kutoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita. Ni fahari ya haki. Lakini silikanti huishi kilindini, wala hakuna mtalii atakayemwona kutoka kwenye ngalawa. Hifadhi yenye jina la samaki asiyeonekana nayo imekuwa haionekani kwa wenyeji wake.

Kinachoonekana ni bamvua. Maji yakipwa, mizizi ya mikoko hubaki wazi, kaa hutoka matopeni, yangeyange hujitafutia riziki, na wanawake hushuka miambani kuwinda pweza. Baada ya saa sita hivi yote yamefunikwa tena. Hilo ni somo kamili la baiolojia, jiografia na uchumi wa kaya, lililo karibu na madarasa yetu. Hata hivyo, wanafunzi wangapi wa Tanga wamewahi kuvushwa kwenda Toten? Ada ya kiingilio na gharama ya mashua vimeifanya hifadhi kuwa ya wageni, ilhali makatazo yake ni yetu.

Sheria peke yake haitoshi. Kisiwa cha Maziwe, huko Pangani, kilitengwa mwaka 1975, wakati huo kikiwa mazalio mashuhuri ya kasa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mti wa mwisho ulikuwa umeanguka. Ukataji wa miti ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Leo Maziwe ni fungu la mchanga linalozama maji yajaapo.

Sasa bomba la mafuta lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani, kaskazini mwa ghuba hii hii. Sipingi bomba. Nauliza iwapo mafuta yakivuja usiku wa bamvua, nani atatambua mapema kuliko wavuvi wa Sahare, na je, wameelezwa wampigie nani simu? Halmashauri na wasimamizi wa hifadhi wanaweza kuanza muhula ujao: siku moja ya maji kupwa kwa kila shule, bila kiingilio, wavuvi wenyewe wakiwa waongozaji wanaolipwa.