Semina Nyingi, Elimu Haba

Katika zama hizi ni nadra mwezi kupita katika miji yetu pasipo semina, ya wakulima, ya wenyeviti wa vijiji, ya wauguzi au ya akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, na aghalabu mwendo wake huwa ni uleule: mgeni rasmi hufungua, mwezeshaji huwasha projekta, mada husomwa ukutani neno kwa neno hadi saa ya chai, kisha huulizwa kama kuna swali, na ukumbi ukinyamaza huhesabiwa kuwa umeelewa. Washiriki hutia saini ya posho, hupokea vyeti, hupanda basi, na wafikapo kwao huendelea na kazi kwa ada yao ya tangu zamani. Lawama hutupiwa wao, kwamba ni wazito wa kufahamu au wamefuata posho tu. Naona lawama hiyo haina insafu, maana kosa ni la aliyelipanga darasa, ambaye alitafakari sana juu ya maneno atakayoyasema, asitafakari hata kidogo juu ya jambo ambalo msikilizaji wake atalitenda akisharejea kwao.

Wala hatuna haja ya kusafiri mbali kutafuta ushahidi wa njia iliyo bora. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, theluthi mbili hivi ya watu wazima wa Tanzania, kwa hesabu ya watu ya 1967, walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Na baina ya juhudi zilizofuata, iliyonivutia kuliko zote ni kampeni ya 1973 iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu takriban milioni mbili walikusanyika katika vikundi vidogo kwa muda wa majuma 12, chini ya mwembe au barazani kwa mtu, redio ikiwekwa katikati. Kipindi kilipokwisha, yule aliyejua kusoma aliwasomea wenziwe sura ya kitabu iliyohusu maradhi yaliyotajwa, malaria, safura au kichocho, kisha mazungumzo yakaanza: nani hapa amepata kuugua ugonjwa huu, maji yametuama wapi, nyumba ipi haina choo. Kiongozi wa kikundi hakuwa daktari, bali mtu wa palepale aliyefunzwa kuuliza na kusikiliza. Na kikao hakikuhesabiwa kuwa kimetimia mpaka watu wawe wamekubaliana jambo la kufanya. Basi majembe yalitoka, nyasi zikafyekwa, madimbwi yakafukiwa, na vyoo vikachimbwa kwa maelfu.

Tazama jinsi mambo yalivyopangwa. Muradi wa somo ulikuwa choo, wala si habari za choo, na kila kilichotangulia, redio, kitabu na mazungumzo, kilikuwa ni ngazi ya kulifikia shimo lile. Mtu mzima hana wasaa wa kujiwekea maarifa asiyojua atayatumia lini. Ana shamba, ana wana, ana deni dukani, na akili yake hufunguka hima pale anapoona kwamba jambo analoambiwa lamhusu yeye na wakati wake. Ndiyo maana kisomo chenye manufaa, kilichoanzishwa kanda ya Ziwa mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO, kilimfundisha mkulima wa pamba herufi na hesabu kwa mambo ya pamba yenyewe. Anayejua kuisoma mizani ya chama cha ushirika hahitaji kubembelezwa kurudi darasani.

Lipo na jambo la heshima, ambalo wapangaji wetu wa leo hulipita kama halipo. Katika madarasa ya ngumbaru, yaani ya kisomo cha watu wazima, walimu wengi wa kujitolea walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, na wanafunzi wao ni rika la baba na bibi zao. Kijana mwenye adabu alianza kwa shikamoo, akawaita mzee na mama, na alipomwona mzee ameikamata kalamu ya risasi kwa mkono uliozoea mpini hata ikavunjika ncha, aliichonga tena kimyakimya, asimsimamishe ubaoni mbele ya mkewe na majirani. Mtoto akikosea huchekwa akasahau, ilhali mtu mzima akifedheheshwa mara moja haonekani tena. Ukimya wa ukumbini, ambao mwezeshaji hudhani ni ridhaa, mara nyingi ni hofu ya fedheha hiyo.

Sisemi kuwa kazi ile ya kuwaelimisha watu wazima ilikuwa timilifu. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi asilimia 39, walakini kusoma pasipo kitu cha kusoma husahaulika, na ndipo zikahitajika maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho la Mwanza. Miaka ilipopita na fedha zikapungua, mengi ya hayo yalidhoofika. Hata hivyo waasisi wake walijua, kuliko sisi wenye projekta, kwamba somo halimaliziki siku ya cheti.

Kwa hiyo nasihi yangu kwa madiwani na kwa mashirika yanayogharimia semina ni hii: msiidhinishe senti moja kwa semina ambayo mpangaji wake hawezi kueleza kwa sentensi moja mshiriki atafanya nini akirudi kwake, wala kwa ile isiyotengewa siku ya kumfuata mshiriki huyo shambani, zahanati au dukani kwake, kuona kama amelifanya. Fedha za siku hiyo zipo. Zikatwe katika chakula cha hotelini.