Marekani, China na somo la Mirambo: Nani anashika njia?

Wengi wanaijua Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwa seminari yake. Lakini miaka 150 iliyopita eneo hili la Unyanyembe lilikuwa katikati ya vuta nikuvute inayofanana sana na ya Marekani na China leo barani Afrika.

Wasomi wa siasa za kimataifa wanaoitwa wahalisia, kama John Mearsheimer, wana hoja moja ya msingi: duniani hakuna serikali juu ya serikali. Nchi ikivamiwa, hakuna polisi wa kupigia simu. Ndiyo maana kila dola hutafuta nguvu kwanza, urafiki baadaye. Dola kubwa hupanga mapema njia zipi, bandari zipi na madini gani yasiangukie kwa mpinzani.

Mirambo alipofunga njia

Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliingia vitani na Waarabu wa Tabora na washirika wao wa Unyanyembe. Akafunga njia ya misafara ya kwenda Ujiji, biashara ya pembe za ndovu ikayumba. Henry Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alijiunga na Waarabu kumpiga. Walishindwa. Stanley akazungukia kusini, akafika Ujiji.

Hapo kuna mambo mawili. Anayekaa njiani ana nguvu, hata awe mdogo. Lakini nguvu hiyo ina mpaka: njia ikiwa ngumu mno, watu wanazunguka.

Leo njia ni reli

Mzigo wa leo ni shaba na kobalti ya Congo, madini yanayotakiwa kwa betri za magari ya umeme. China, iliyosaidia kujenga TAZARA miaka ya 1970, inataka kuifufua. Septemba 2024 jijini Beijing, Xi Jinping, Samia Suluhu Hassan na Hakainde Hichilema walishuhudia makubaliano hayo yakisainiwa. Miezi mitatu baadaye, Joe Biden alitua Angola kuipigia debe reli ya Lobito, inayotoa madini hayohayo upande wa Atlantiki.

Kwa jicho la kihalisia, hiyo si hisani. Na Lobito ndiyo njia ya kuzungukia.

Tabora nayo imo. Reli ya Mjerumani ilifika hapa 1912. Sasa ni zamu ya SGR: kipande cha Makutupora–Tabora walipewa Waturuki, cha Tabora–Kigoma wakapewa Wachina. Kutomkabidhi mmoja kila kitu ni namna ya kuweka mizani.

Wanachosahau wahalisia

Wahalisia wengi huwatazama wakubwa tu, wadogo wakawa kama uwanja wa mechi. Historia ya Tabora inasema wadogo nao wanacheza, ila wakigawanyika wanaumia. Mirambo alifariki 1884 na dola yake ikadhoofika. Wajerumani walipokuja, Isike wa Unyanyembe hakuwa na Urambo yenye nguvu ubavuni. Januari 1893 ngome yake ilianguka, naye akajilipua kwa baruti kuliko kukamatwa.

Tanzania, Zambia, Congo na Burundi zikienda mezani kila mmoja kivyake, mkubwa atazichagua moja moja, aiambie kila moja kwamba njia nyingine ipo. Hivyo mkataba wa reli ukisainiwa, maswali ya kuuliza ni mawili: nani anapanga nauli ya mzigo, na jirani amekubali bei gani?